Maili Mia kwa Galoni

Ami yangu aliponiachia vespa yake aliniachia pamoja nayo kauli moja, na kauli hiyo imenigharimu kuliko vespa yenyewe. Kila alipoulizwa kwa nini hanunui pikipiki mpya kama wenzake, alikuwa akijibu kwamba chombo chake kinakwenda maili mia kwa galoni moja, na kwamba siku atakapoonyeshwa kipya kinachofanya hivyo, na kitakachoendelea kufanya hivyo kwa miaka thelathini, atauza shamba akakinunue. Alifariki bila ya kuuza shamba.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Ninaishi kusini mwa Pemba, ndani kidogo upande wa Mtambile, na ninasomesha Chake Chake, kwa hiyo safari yangu ya kwenda na kurudi ni kilomita 44 kwa spidi mita, siku tano kwa wiki. Mtu aliyezoea barabara za Unguja, ambako unaweza kutoka Mjini hadi Paje bila ya kukumbuka kwamba kuna gia ya pili, hawezi kuielewa barabara hii mpaka aipite mwenyewe. Pemba ni vilima. Unapanda mlimani penye mikarafuu, unashuka bondeni penye mpunga, na kabla injini haijatulia unaanza kupanda tena. Nayataja haya mapema kwa sababu kila hesabu nitakayoitoa hapa imefanywa juu ya vilima hivyo, na anayeendesha kwenye tambarare atapata zake.

Siku niliyoirithi vespa nilikaa na kalamu. Maili mia ni kilomita 160 na ushei. Galoni, kama nilivyoizoea tangu utotoni, ni lile kopo kubwa la rangi la lita nne. Mia moja na sitini ukigawa kwa nne unapata arubaini, yaani kilomita 40 kwa kila lita. Niliiandika namba hiyo juu ya jalada la daftari la kurasa 96, nikaizungushia duara, na daftari nikalitia katika kisanduku kilichopo mbele ya magoti ya dereva, ambamo ami alikuwa akiweka tasbihi yake na plagi ya akiba.

Wiki ya kwanza nilipata kilomita 24 kwa lita.

Lazima nieleze nilivyopima, maana nusu ya mabishano ninayoyasikia barazani kuhusu ulaji wa mafuta yanatokana na watu kupima vibaya. Vespa hii ni PX 150, ambayo tangi lake huchukua lita nane na haina geji ya mafuta. Chini ya kiti kuna koki yenye sehemu tatu: imefungwa, imefunguliwa, na rizevu, yaani akiba. Kwanza nilikuwa nikihesabu kilomita tangu nilipojaza hadi injini ilipoanza kukohoa na kunilazimisha niigeuze koki kwenye rizevu, lakini nikagundua kwamba ikikohoa kwenye mlima nilipata hesabu moja na ikikohoa kwenye tambarare nilipata nyengine, kwa kuwa tangi likiinama mafuta nayo huhama. Baadaye nikashika njia ya wazee. Nilikuwa nikiisimamisha vespa kwenye stendi yake ya katikati, pahala pamoja pa saruji mbele ya nyumba, nikajaza mpaka petroli iguse ukingo wa ndani wa shingo ya tangi, nikaenda safari za wiki nzima, kisha nikarudi pahala palepale na kujaza mpaka ukingo uleule. Kilichoingia ndicho kilichotumika. Haihitaji chombo chochote isipokuwa uvumilivu, na namba za wiki moja tu hazitoshi. Mimi sikuiamini hesabu yoyote kabla ya kuipata wiki tatu mfululizo.

Shaka yangu ya kwanza ilimwangukia kijana anayeuza petroli ya chupa njia panda karibu na kwetu. Mafuta yake yako katika chupa za maji za lita moja na nusu, zimepangwa juu ya meza ya mbao, na mimi nikajiaminisha kwamba anapunja. Nilikuwa na sababu ya kutaka iwe hivyo, kwa kuwa kama kosa ni lake basi si la ami, si la vespa, na si langu. Nikaazima silinda ya kupimia ya maabara ya skuli, ile ndefu ya kioo yenye mistari, nikanunua chupa mbili kwake, na jioni nikawa nje ya nyumba, mbali na jiko, nikimimina petroli kidogo kidogo kama ninayewaonyesha wanafunzi jaribio. Chupa ya kwanza ilikuwa na mililita 1,510 na ya pili 1,525. Kijana alikuwa akizidisha. Kesho yake nilimtaka radhi kwa jambo ambalo hata hakulijua, naye akacheka, akasema, "Maalim, si ungeniuliza tu."

Ndipo nikaenda kwa fundi.

Fundi huyu ni mtu mzima, mfupi wa maneno, na ameshughulika na vespa tangu zilipokuwa ndicho chombo cha kila mwalimu na kila karani wa kisiwa hiki. Hakuniuliza nimekuja kwa ajili gani. Alikifungua kifuniko cha upande wa kulia, ambako ndiko iliko injini, akachomoa waya wa plagi, akaifungua plagi, akaileta mbele ya macho yangu. Ncha yake ilikuwa nyeusi tii na imelowa, ukiigusa inakuachia masizi ya mafuta kwenye kidole. Kisha akaichukua plagi kutoka kwenye vespa ya mteja mwengine, akaziweka mbili hizo sambamba juu ya kiganja. Ile nyengine ilikuwa kavu na rangi yake ilikuwa ya karafuu iliyoanikwa ikakauka sawasawa. "Hii inakula," akasema, akainua ya mwenzangu. Akainua yangu: "Hii inamwaga."

Kosa la kwanza lilikuwa choki, yaani kile kitasa cha kuizidishia injini petroli inapowashwa ikiwa baridi. Waya wake ulikuwa umeota kutu ndani ya ala yake, kama vinavyoota kutu vitu vyote vinavyoishi karibu na bahari, na kila nilipoivuta asubuhi ili kuwasha, ilirudi nusu tu. Nikirudisha kitasa niliona kimerudi, lakini kule kwenye kabureta, panapochanganywa petroli na hewa, mlango haukufungika. Nimekwenda wiki nyingi nikinywesha injini petroli ya asubuhi ya baridi mpaka saa saba za mchana.

Kosa la pili lilikuwa langu, na nililifanya kwa nia njema. Vespa ya namna hii ina injini ya mipigo miwili. Haina oili peke yake kama pikipiki za leo, bali oili huchanganywa ndani ya petroli na huungua pamoja nayo. Kiasi chake ni asilimia mbili, yaani mililita 20 kwa kila lita, au mililita 100 kwa lita tano. Mimi, kwa kuionea huruma injini kuukuu, nilikuwa nikitia mara mbili ya hapo. Niliona moshi mweupe nyuma nikadhani ndiyo tabia ya uzee. Fundi akafungua ekzosi akanionyesha mdomo wake wa ndani ulivyoziba kwa masizi magumu, umebaki uwazi wa kupita kidole kidogo kwa shida. Injini ya mipigo miwili inategemea sana pumzi ya ekzosi. Ikiziba, injini hupoteza nguvu, dereva huongeza mafuta ili kuifidia nguvu hiyo, na mafuta yaliyoongezwa pamoja na oili iliyozidi huongeza masizi. Tulikuwa tukizunguka katika duara hilo mimi na vespa kila siku ya Mungu.

Ekzosi ikasafishwa, waya wa choki ukabadilishwa, na oili ikarudi kwenye asilimia mbili, ikipimwa kwa bomba la sindano nililolinunua duka la dawa. Wiki tatu zilizofuata nikapata 29.

Kutoka hapo hadi kwenye 31 na nusu kulitokana na magurudumu tu, na sitakaa sana hapo. Breki ya mbele ilikuwa imekazwa mno, shuu zake zikigusa ngoma muda wote. Hilo nililigundua kwa kushika katikati ya gurudumu baada ya safari ambayo sikuitumia breki hiyo hata mara moja, nikakuta chuma kina joto. Upepo wa matairi nao ulikuwa wa kukisia kwa kidole gumba. Kwa dereva peke yake, tairi la mbele linataka pauni 18 na la nyuma 26, na akipanda abiria la nyuma lipandishwe hadi 36. Anayejaza kwa kidole gumba huwa anaendesha chini ya hapo, kwa sababu matairi haya madogo ya inchi kumi yana kuta ngumu na hata yakipungua upepo hayaonyeshi.

Sasa nafika kwenye mkono wa kulia.

Nilikuwa na tabia, ambayo naamini niliipata kwa kuwatazama vijana wa bodaboda, ya kuukabili kila mlima kwa kuzungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho na kubaki gia ya nne kwa muda wote ambao injini itastahamili. Nilidhani gia kubwa maana yake ni mizunguko michache na mizunguko michache maana yake ni petroli kidogo. Kwa injini nyengine dhana hiyo ina ukweli wake. Kwa injini ya mipigo miwili ina kasoro kubwa, kwa kuwa katika injini hii mchanganyiko mpya wa petroli huingia ndani ya silinda wakati tundu la ekzosi bado liko wazi, na sehemu yake hutoka nje kabla ya kuungua hata kidogo. Injini inapozunguka taratibu huku mkono umefunguliwa kote, mchanganyiko huo una muda mrefu zaidi wa kupotea njia. Harufu ile ya petroli mbichi inayomfikia anayeifuata vespa ikipanda mlima kwa kugugumia ni fedha ya mwenyewe inayoelea hewani.

Nilijifunza kuteremka gia kabla ya mlima, siyo katikati yake. Kuna kilima baada ya Ngwachani ambacho nilikifanya darasa langu. Mguuni pake, injini ikiwa bado nyepesi, nilikuwa nikivuta klachi, nazungusha mkono wa kushoto hadi gia ya tatu, naachia klachi polepole, kisha mkono wa mafuta naufungua kiasi cha theluthi mbili tu na kuuacha hapo. Sikio ndilo lenye kusema. Vespa ikiwa katika gia yake hutoa sauti ya cherehani iliyotiwa mafuta, sauti moja isiyopanda wala kushuka. Ikiwa nje ya gia yake hupiga kama mtu anayegonga pipa. Nilipanda kilima kile kwa mwendo wa kilomita 35 kwa saa badala ya 40, na sikuwahi kuchelewa kengele ya skuli kwa sababu hiyo.

Jambo jengine lilikuwa mwendo wa kwenye sehemu zilizonyooka. Nguvu ya upepo unaokukabili haipandi sambamba na mwendo; hupanda kwa kipeo cha pili, hata ukitoka kilomita 50 kwa saa ukaenda 70, upepo unakusukuma nyuma karibu mara mbili. Vespa nayo ina kifua kipana cha bati mbele ya miguu. Hicho ni kazi ya Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyeichora vespa ya kwanza, iliyotoka mwaka 1946, kwa ajili ya kiwanda cha Piaggio cha Pontedera, Italia. Inasemwa kwamba hakuzipenda pikipiki, na ukiitazama kazi yake utaona: ameifunika injini ili isimchafue mtu nguo, ameondoa mnyororo, na ameipa miguu ngao. Kuondoa mnyororo kumetusaidia katika mafuta, kwa kuwa gia zinalizungusha gurudumu moja kwa moja na hakuna mnyororo uliolegea wa kula nguvu. Ngao ya miguu hutukinga na matope ya masika, lakini kila unapozidisha mwendo unaisukuma kama tanga lililogeuzwa. Mimi nilijiwekea kikomo cha 50, na siku ya Ijumaa, ninapovaa kanzu, 45. Wenzangu wanacheka, lakini nimeipima: kanzu iliyojaa upepo inakula petroli.

Tabia ya mwisho niliyoikusanya ni ya ami mwenyewe. Nilikuwa nikimwona, utotoni, akiinama na kutia mkono chini ya kiti kabla ya kufika nyumbani, nami nikidhani anajikuna. Kumbe alikuwa akifunga koki. Alikuwa akiifunga kwenye mwembe mkubwa, kama mita mia tatu kabla ya nyumba, na petroli iliyobaki ndani ya kabureta ilimtosha kufika mlangoni. Faida yake ni mbili. Kabureta kuukuu ina sindano iliyochakaa, na koki ikiachwa wazi usiku kucha petroli hupita tone kwa tone hadi kwenye injini au ardhini. Pia petroli iliyoachwa ndani ya kabureta huruka ikaacha oili peke yake, na asubuhi utaipiga teke vespa mpaka ukose udhu. Nami sasa naifunga kwenye mwembe uleule.

Kwa hayo yote nikafika 35. Wiki sita mfululizo daftari lilionyesha kati ya 34 na 36, likishuka hadi 32 wiki ambazo mwenzangu wa skuli alipanda nyuma, na kwa vespa ya umri ule, juu ya vilima vile, mtu mwenye akili timamu angeshukuru. Lakini kila nilipolitoa daftari niliona 40 ndani ya duara lake. Ami hakuwa mwongo. Kama yeye aliipata, basi kulikuwa na jambo alilokuwa akilifanya ambalo mimi silifanyi, na kwa kuwa milima nilikwisha kuimaliza, nikaamua kwamba siri iko kwenye mteremko.

Kwanza nilijaribu kuzima injini kabisa kileleni na kuteremka bila moto. Hilo nililifanya siku nne. Siku ya nne, bondeni, nilikuta gari ya ng'ombe imebeba makuti imeziba nusu ya barabara na gari nyengine inatoka mbele, nikakanyaga breki ya nyuma na kuivuta ya mbele, nikahisi zote mbili zimekuwa laini kama ninakanyaga godoro. Breki za ngoma zikipata moto kwa kutumiwa mfululizo hupoteza mshiko, na injini iliyozimwa haikusaidii kukuzuia. Nilipita baina ya makuti na mtaro. Mwenye ng'ombe alinisalimia kwa adabu, kisha akaniambia neno ambalo sitaliandika.

Baada ya hapo nikabuni njia niliyoiona ya busara zaidi. Sikuzima tena, kileleni nilikuwa nikifunga mkono wa mafuta kabisa, nikabaki katika gia ya tatu, na kuiachia injini inizuie mpaka bondeni. Breki zilipumzika, mwendo ulikuwa wa salama, na petroli iliyotumika ilikuwa karibu na hakuna. Daftari likapanda hadi 37.4. Nilifurahi kiasi cha kuanza kuwahadithia watu.

Wiki ya sita ya njia hiyo, mwenzangu akiwa nyuma, tulipanda mlima mrefu katika joto la saa nane. Nilipofika juu nilifunga mkono kama kawaida, tukateremka, injini ikinguruma kwa chini, upepo mzuri. Bondeni nikafungua mkono ili nianze mlima unaofuata. Nilisikia mlio mmoja mwembamba, kama msumari unaoburutwa juu ya bati, na papo hapo gurudumu la nyuma likasimama. Mkono wangu wa kushoto ulivuta klachi kabla mimi sijafikiri. Vespa iliserereka kidogo ikatulia, na nyuma yetu lami ilibaki na mstari mweusi wa urefu wa hatua nne. Mwenzangu alishuka, akajikung'uta ingawa hakuanguka, akaendelea na safari kwa daladala.

Fundi alipoitoa pistoni aliniwekea kiganjani. Upande wa ekzosi ulikuwa na michirizi ya wima, imesimama sambamba kama mistari ya daftari langu.

"Ulikuwa ukifunga mafuta mteremkoni," akasema. Haikuwa suali.

Nikamweleza yote, hata asilimia na wiki sita.

"Maalim, oili ya vespa imo ndani ya petroli. Ukifunga petroli umefunga na oili."

Nilikuwa nikilijua hilo. Nilikuwa nikilichanganya kwa mkono wangu mwenyewe kila Jumamosi kwa bomba la sindano, na sikuwahi kuyaunganisha mambo mawili. Mlimani injini hupata moto, na vespa, ambayo injini yake imefunikwa, hupozwa na feni inayozungushwa na injini yenyewe. Kisha kileleni, ikiwa na moto ule wote, mimi naifungia petroli, na pistoni inaendelea kupanda na kushuka maelfu ya mara kwa sababu gurudumu linailazimisha, huku kinachoilainisha ni mabaki tu ya oili iliyoingia kabla. Mara nyingi huponea. Haiponei kila siku.

Silinda ilisafirishwa kwa boti hadi Unguja kuchongwa, ikarudi na pistoni mpya na ringi mpya, na mimi nikapanda daladala siku kumi na tisa. Katika siku hizo nilikuwa na wakati wa kufanya hesabu. Wiki sita ni safari 30, sawa na kilomita 1,320. Kwa 35 ningetumia lita 37.7, kwa 37.4 nilitumia lita 35.3. Nilikuwa nimeokoa lita mbili na nusu kasoro. Gharama ya fundi, pistoni, kuchonga na nauli ya boti ingenunua petroli ya kuniendesha mwaka mzima na ikabaki.

Miezi kadhaa baadaye, vespa ikiwa imekwisha kuzoea pistoni yake mpya, nilikwenda Chake kumtazama mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa ami tangu ujana wao. Alikuwa dereva wa serikali zama za nyuma na ameendesha kila chombo kilichowahi kushushwa bandari ya Mkoani. Tukakumbushana habari za marehemu, na mimi, kwa lengo la kumsifu ami, nikasema kwamba sijaweza kuipata ile 40 yake.

"Arubaini ya nini?"

"Kilomita arubaini kwa lita. Si alikuwa akisema maili mia kwa galoni?"

"Alikuwa akisema, ndiyo. Na alipima, mimi nilikuwepo." Mzee akanitazama. "Wewe galoni umeihesabu lita ngapi?"

"Nne, mzee."

"Galoni gani hiyo, maalim, ya rangi?" Akacheka mpaka akakohoa, na mjukuu wake akaleta maji. Alipopata pumzi akanieleza kwamba wao walijifunza kupima mafuta zama za Waingereza, na galoni ya Waingereza si lita nne. Ni lita nne na nusu na zaidi kidogo.

Niliifahamu namba hiyo vizuri, imo katika vitabu ninavyosomeshea: 4.546. Niliomba kalamu hapo hapo, nikaandika nyuma ya risiti. Kilomita 160.9 gawa kwa 4.546. Nikarudia mara mbili kwa sababu mkono ulikuwa ukinitetema kidogo, wala sijui kama ni kwa kicheko au kwa kuikumbuka ile pistoni.

Thelathini na tano nukta nne.

Nilipotoka nilijaza tangi, na jioni niliporudi nikafunga koki kwenye mwembe, nikaisimamisha vespa juu ya saruji yake, nikalitoa daftari. Wiki hiyo nilikuwa nimepata 35.2. Ile 40 ya jalada sikuifuta. Niliandika chini yake, kwa herufi ndogo, "lita za kopo la rangi", kisha nikalirudisha daftari kisandukuni, juu ya tasbihi.